Herufi Mbili Nilizoongeza Kwenye Barua Yako

Mpendwa baba,

Hukufungwa. Hukufungwa Kilwa wala mahali pengine popote. Taarifa hiyo imetolewa Jumanne asubuhi na Bi Somoe, mkazi wa Kilwa Kisiwani, aliyekuwa akiwapikia mafundi miaka ile uliyokuwa huko. Alikuwa amekaa barazani kwake na bakuli la dagaa mapajani. Nilimwomba airudie, akairudia. Nikamuuliza ana uhakika kiasi gani. Na yeye akaniuliza kama nina uhakika kwamba mimi ni mwanao.

Najua habari hii itakushangaza, kwa sababu wewe hukuwahi kujua kwamba ulifungwa. Sisi ndio tuliojua. Mama alijua, mimi nilijua, na nusu ya mtaa wetu wa Temeke ilijua. Ni wewe peke yako ambaye hukuambiwa, ukafa miaka minne iliyopita bila kuambiwa.

Katika kazi yangu, kosa likitoka hadharani, masahihisho nayo hutoka hadharani, na anayeyaandika husema kosa lilikuwa nini na lilitokeaje. Ndiyo maana barua hii naitoa gazetini, sikuisoma kaburini kwako nikaishia hapo. Kosa lilikuwa langu. Ni la kwanza kubwa nililofanya nikiwa na karatasi mkononi, na nililifanya nikiwa darasa la pili.

Ulikuwa umekwenda Masasi kwenye msiba wa baba yako mdogo. Ulisema wiki mbili. Mvua zikanyesha, barabara ya kusini ikakatika, mabasi yakalala njiani. Mwezi ukapita, na wa pili ukapita. Kila jioni mama alitoka hadi kona ya barabara akasimama na khanga begani, kisha akarudi kutuambia chakula tayari. Alisema "nyie" kama zamani, ingawa nilikuwa nimebaki peke yangu.

Ndipo barua ikaja. Aliileta dereva wa lori, imekunjwa mara nne, haina bahasha. Unajua mama hakusomeshwa. Kwao Njombe walisomesha wavulana. Angeweza kumpelekea jirani amsomee, lakini hakutaka jirani awe wa kwanza kujua habari zako. Akanikalisha kwenye kigoda cha jikoni, akafunga mlango, akasema, "Soma, mwanangu. Polepole."

Hii ndiyo barua yenyewe, ninayo hapa mezani: "Mama Tumaini, mimi mzima. Nipo Gereza, Kilwa. Njia ilipokatika nilikwama hapa, ndipo nikachukuliwa. Kazi ni ya mawe na kuchoma chokaa, tunaanza alfajiri. Msimamizi ni mkali lakini ana haki. Hawaniachii kabla haijaisha, labda mwakani. Usimwambie mama yangu, atataka kunifuata. Msalimie Tumaini, mwambie asome."

Hivyo ndivyo ulivyoandika. Mimi nilipofika kwenye sentensi ya pili nilisoma, "Nipo gerezani Kilwa."

Mtoto anayejifunza kusoma kwa sauti husoma anachotegemea kukisikia. Sikuwahi kumsikia mtu akisema "nipo gereza". Watu huwa gerezani, kama wanavyokuwa shambani au sokoni. Nikaongeza n na i ili Kiswahili chako kikae sawa. Ungeandika "nipo Temeke" nisingesoma "Temekeni", kwa sababu nilijua Temeke ni jina la mahali. Kwamba Gereza nalo laweza kuwa jina la mahali, hilo hakuna aliyelijua jikoni mle.

Mama akasema, "Rudia hapo."

Nikarudia vilevile, kwa ufasaha zaidi.

Mama ni mtu wa kuuliza. Kama ningesoma ulivyoandika, angesema, "Gereza? Anamaanisha nini?" na labda angekwenda kwa mtu wa pwani akaulize. Mimi nilimmalizia shaka yake yote. Baada ya hapo kila sentensi iliyofuata ilikuwa ushahidi. Ulichukuliwa. Unapasua mawe. Kuna msimamizi mkali. Hawakuachii. Na mama yako asiambiwe.

Siri nayo ilivujia kwangu. Nilimwambia Rehema wa nyumba ya pili tukiwa kwenye foleni ya bomba, na nikamwapisha. Siku ya tatu kaka yake aliniita mbele ya watoto wote: "We Tumaini, eti baba'ako anakula maharage ya serikali?" Walicheka hadi ndoo zikamwagika. Jina hilo lilinifuata mpaka darasa la saba. Nikipita dukani mtu angeagiza kwa sauti, "Nipe maharage, yale ya serikali."

Ulirudi kiangazi cha mwaka uliofuata. Ulikuwa umekonda. Kichwa umenyoa, viganja vimepasuka na kuwa vyeupe kama vimepakwa unga. Ulibeba samaki wakavu na mkeka mmoja mkubwa wa rangi ya zambarau. Mama alikuchemshia maji ya kuoga. Ulipoingia bafuni alinivuta uani, akanishika bega, akaniambia, "Baba yako amerudi. Asiulizwe kitu. Mtu akirudi, amerudi."

Ule mkeka ulipanda juu ya kabati siku hiyohiyo. Mama alijua wafungwa hufundishwa kusuka. Haujawahi kutandikwa.

Nakumbuka jioni ya kwanza. Ulimaliza kula, ukanyoosha miguu, ukasema, "Mama Tumaini, kule kisiwani kuna nyumba..." Mama akakata, "Chai inapoa, Baba Tumaini." Ukanywa chai. Ukajaribu tena keshoye, "Kuna bwawa limechongwa pembe nane, juu ya jabali..." Akakuuliza kama umeliona jembe. Sasa najua ulikuwa ukituletea habari kubwa kuliko zote ulizowahi kuwa nazo. Wakati ule tuliona mtu anayetaka kujiumiza kwa kukumbuka, na tulikuwa tukimzuia kwa upole. Baada ya wiki mbili hivi uliacha. Pengine ulidhani mambo ya mawe hayatuhusu.

Tulipohamia Kibamba na wewe ukaanza kujenga, nilikuwa na miaka kumi na mitatu na nilikuwa nikikuchotea maji. Uliyamwagia mawe kabla ya kuyapanga, tena si kidogo. Nililalamika, maji yalikuwa ya mbali. Ukaniambia, "Jiwe linywe kwanza. Jiwe lenye kiu litanyonya maji ya udongo wako, na ukuta utakuachia." Nikakuuliza umejifunza wapi. Ukasema, "Gereza," ukiwa na tabasamu la kuanza hadithi. Mama alikuwa mlangoni. Alinituma dukani kufuata chumvi, na chumvi ilikuwepo.

Miaka baadaye, nilipokuwa nimeshaanza kazi, ulikuwa ukinunua gazeti na kulisoma kuanzia jina langu. Siku moja uliniambia, "Andika siku moja habari za Gereza."

Nikasema, "Baba, hayo yameisha."

"Hayajaisha. Ukuta wa upande wa bahari bado."

Nilikutazama, nikadhani unasema kwa mafumbo kitu kuhusu moyo wako. Sikukuuliza. Ulikuwa unasema kuhusu ukuta.

Na ile Krismasi ya mwisho ulituambia, "Twendeni Kilwa wote watatu, nikawaonyeshe." Mama akaacha kijiko. "Kilwa? Mungu apishe mbali!" Ulicheka, ukaniambia watu wa Njombe wanaogopa bahari.

Basi nieleze nilivyofika.

Kwa miaka mingi nimekuwa nikiikwepa Kilwa kazini. Safari ikitokea, najifanya nina habari nyingine. Mwezi uliopita mhariri wangu alitaka makala ya kutembelea magofu ya kisiwani, akaniita. "Tumaini, si mtu wa kusini wewe? Kila mara Kilwa unairuka. Kuna mtu unamkimbia huko?"

Nikasema ndiyo.

"Basi kamwone. Umri wako huu unamkimbia nani?"

Nilipanda basi Mbagala nikiwa na nia ambayo sikumwambia mtu. Nitaandika makala, kisha nitatafuta gereza lenyewe lilipo na kuuliza kama kuna daftari la zamani la wafungwa. Nilitaka kujua ulifanya nini. Nilikuwa nimekisia mambo mengi, baba, na mengine sitayaandika hapa. Mama alikuwa na kisio lake moja tu, kwamba ulipigana na mtu msibani. Nilichoogopa ni kwamba nikilipata jibu nitalazimika kumpelekea mama, na mama sasa ana sukari na presha.

Kutoka Kilwa Masoko hadi kisiwani ni mwendo mfupi kwa mashua ya injini. Bahari ilikuwa tulivu, ya kijani karibu na mikoko na buluu katikati. Aliyeniongoza ni Zuhura, binti wa kisiwani mwenye raba nyekundu chini ya baibui. Huongea haraka na huwahoji wageni kuliko wageni wanavyomhoji yeye. Kabla hatujafika niliona ukuta mnene umesimama ukingoni mwa maji, una mnara wa mviringo pembeni na mlango mkubwa wa mbao. Upande wa bahari sehemu yake imemomonyoka.

Zuhura akasema, "Tunaanzia Gereza, kisha Msikiti Mkuu, kisha Husuni Kubwa."

Nilifungua daftari kama kawaida. Tulipoingia nilimuuliza swali ambalo mwandishi yeyote angeuliza. "Wafungwa walikuwa wanalala wapi?"

"Wafungwa gani, dada?"

"Wa hili gereza."

"Humu kuna popo tu, na hao hawajahukumiwa." Akacheka, akaniona sicheki. "Watu wa Dar wote mnauliza hivyohivyo. Gereza ni jina, dada, kama Temeke. Hii ni ngome. Waliianza Wareno, Waarabu wa Omani wakaijenga upya. Sie tukisema 'fulani yuko Gereza' tunamaanisha yuko hapa, anafagia au anavua samaki hapo mbele."

"Na mafundi wanaokarabati?"

"Nao wako Gereza. Watakuwa wapi?"

Nilisimama pale. Nakuambia hali yangu kama ilivyokuwa. Sikulia na sikumwambia Zuhura kitu. Chanzo kimoja hakitoshi kuandika habari, na nilikuwa nimeshawahi kuamini chanzo kimoja. Nikaandika kwenye daftari neno Gereza kwa herufi kubwa, nikalipigia mstari, nikasema tuendelee.

Tulikwenda Msikiti Mkuu. Najua uliuona, lakini uniache nami nikusimulie, kwa kuwa wewe tulikunyima nafasi. Kwa muda mrefu hakukuwa na msikiti mkubwa kuliko huo kwenye pwani yetu yote. Sehemu ya zamani haina paa, jua linaingia hadi kibla. Sehemu iliyoongezwa ina nguzo nyingi na makuba, ukisimama katikati unaona tao ndani ya tao. Mawe ni ya matumbawe, mepesi kuliko yanavyoonekana. Kuna baridi humo hata saa sita mchana. Wasichana wawili wa kisiwani walikuwa wamekaa kwenye kivuli wakisuka ukili wa mikeka na kupiga soga kuhusu harusi ya mtu.

Zuhura alinionyesha nguzo iliyokarabatiwa. "Saruji haifai hapa, inaua mawe. Ni chokaa tupu, tunachoma wenyewe. Na jiwe linywe kwanza."

Nikamwomba arudie.

"Jiwe linywe kwanza. Ndivyo mafundi wetu wanavyosema. Ukilipanga kavu linanyonya..."

"Maji ya udongo wako," nikamalizia, "na ukuta utakuachia."

Zuhura aliacha kutafuna ubani. "We dada, umejuaje? Hayo maneno ya hapa."

Nikamwambia kwamba baba yangu alikuwa fundi. Akaniuliza fundi wa wapi. Nikasema sijui. Ilikuwa kweli, baba. Wakati ule sikujua.

Akasema nimwone bibi yake mkubwa, Bi Somoe, ndiye aliyewapikia mafundi wa zamani. Lakini siku hiyo Bi Somoe alikuwa amekwenda pwani kutafuta pweza, hangerudi mapema. Kwa hiyo niliizunguka Husuni Kubwa nikiwa na swali moja kichwani. Jumba liko juu ya jabali, vyumba vimebaki kuta tu, na majani yamejipenyeza kwenye ngazi. Katikati kuna bwawa lako la pembe nane. Nilizihesabu pembe zote. Nilikaa ukingoni, nikaona bahari hadi bara, nikakumbuka siku uliyojaribu kutuambia habari za bwawa hili ukaulizwa jembe. Tulirudi kwa njia ya chini, maji yakiwa yamekupwa, tukipita kati ya mizizi ya mikoko, viatu mkononi. Zuhura alikuwa akinitania kwamba natembea kama mtu anayeogopa kukanyaga mtoto.

Jumanne asubuhi nikavuka tena.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye mwandishi? Mbona mkavu hivyo, huko Dar hamli?"

"Tunakula, bibi. Nimekuja kuuliza habari za fundi mmoja."

"Zuhura kaniambia. Ni Linywe."

"Aliitwa hivyo?"

"Jina lake nani alilijua? Mtu anafika asubuhi, salamu hajatoa, 'jiwe limekunywa?' Kafundishwa neno na marehemu fundi wetu, kalishika yeye kuliko mwenye nalo. Mawe yakanywa hata sie tukakosa maji ya kupikia." Akacheka. "Mrefu, wa Masasi. Haongei sana ila umuulize habari za bintiye. Tumaini wangu anasoma, Tumaini wangu anasoma. Tukachoka."

Nikamwambia mimi ndiye Tumaini. Hakushtuka. Alinitazama mikono, akasema, "Vidole vyake." Akaendelea na dagaa.

Kisha nikauliza swali langu. Nilikuwa nimelipanga vizuri usiku ule lakini lilitoka vibaya. "Bibi, alikuwa mfungwa?"

"Alikuwa nani?"

Nikamweleza yote, barua, jikoni, maharage ya serikali. Alisikiliza hadi mwisho. Halafu bakuli likamponyoka. "Zuhura! Zuhura, njoo usikie maajabu! Linywe eti alikuwa mahabusu!" Alicheka akakohoa, akashika ubavu. "Mwanangu, huyo alikuja na miguu yake akaomba kazi. Msimamizi akamfukuza, akasema huyu wa bara hajui chokaa. Kesho yake karudi. Mfungwa gani anafukuzwa na harudi kwao, anakula wali na pweza wangu?"

"Alirudi amenyoa kichwa."

"Walinyoa wote. Chokaa iingie kwenye nywele halafu utie maji, utamwita mama yako."

Nikauliza kuhusu mama yako, kwa nini asiambiwe. Akasema ulikuwa ukimsimulia kwamba mama yako mzee alishawahi kukufuata kwa miguu hadi Lindi kwa sababu ulichelewa siku tatu. Hilo nalo sikulijua.

Akaokota dagaa mmoja mmoja. Ndipo akauliza yeye. "Na mkeka je? Nilimsukia mkewe. Niliutia rangi ya zambarau, alisema mkewe anaipenda. Aliutandika?"

Nimehoji watu wengi walionikwepa, na najua jinsi jibu la kukwepa linavyosikika. Nikasema, "Bado upo, bibi. Mzima kabisa."

"Alisema atawaleta. Nikawa natazama mashua, mwaka wa kwanza, wa pili. Mwisho nikasema mtu wa bara kanidanganya."

"Hakukudanganya," nikamwambia. "Alituambia twende. Sisi ndio tuliokataa."

Kabla ya kuondoka nilirudi Gereza na Zuhura, nikautafuta mkono wako ukutani. Hakuna alama. Nilimuuliza kama kuna namna ya kujua fundi yupi alijenga wapi. Akasema fundi mzuri wa magofu ni yule ambaye ukitazama huoni alipopita. Niliweka kiganja upande wa bahari, pale panapohitaji kazi bado. Jiwe lilikuwa na unyevu. Huo ni umande tu wa baharini, nauandika kwa kuwa nilikuta hivyo.

Nilifika Kibamba Alhamisi alasiri. Mama alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Nikamwomba barua yako. Akaenda kuitoa kwenye Biblia, ilipokaa miaka yote hii. Nikaifungua. Herufi kubwa, baba. G yako ni kubwa kuliko herufi zote za mstari ule, na baada ya a kuna mkato, na baada ya mkato kuna Kilwa. Nimekuwa nikisahihisha kazi za waandishi wenzangu kwa makosa madogo kuliko hilo.

"Mama, niliisoma vibaya," nikasema. Nikamsomea upya. Nikamweleza ngome, chokaa, Bi Somoe, kila kitu kwa mpangilio, kama ninavyomweleza mhariri.

Ungo ulikuwa umesimama hewani. "Kwa hiyo hakumpiga mtu?"

"Hakumpiga mtu, mama."

"Wala hakuiba?"

"Alipanga mawe."

"Yesu wangu." Akauweka ungo chini. "Na mie kila Ijumaa kwenye jumuiya namwombea msamaha! Miaka yote hiyo, Tumaini! Nilikuwa namwombea msamaha wa kosa gani sasa? Mungu atakuwa alikuwa ananishangaa, huyu mama ana nini na mume wake?"

Alianza kucheka, na mimi nikaanza. Tulicheka hadi jirani akauliza kupitia ukutani kuna nini. Kisha mama akanigeukia, kucheka kote kumemwisha. "Na wewe! Mwandishi wa habari! Unakwenda kuuliza mawaziri, baba yako amekaa hapo na kikombe, umeshindwa kumuuliza?"

Kanuni ya kwanza ninayowafundisha vijana wa chumba chetu cha habari ni kumtafuta mhusika na kumpa nafasi ya kusema. Mhusika wangu alikaa upande wa pili wa meza kwa zaidi ya miaka ishirini na alikuwa akiomba nafasi hiyo mwenyewe.

Mama aliingia ndani. Nikasikia kiti kikiburutwa. Alitoka na mkeka, ameushika kwa mikono miwili, vumbi hadi kwenye nyusi. Akaupigapiga uani, akautandika sebuleni, pale ulipopapenda, chini ya dirisha. Rangi ya zambarau bado ipo, imefifia upande mmoja tu. Akakaa. Akaugusa ukuta nyuma yake, huo ulionifanya nichote maji, akasema, "Umekunywa kweli huu. Nyumba ya jirani ina nyufa, hii haina."

Nitakuambia ninavyojisikia, kisha nimalize. Kuna jiwe lilikuwa limenikaa kifuani tangu darasa la pili, na Jumanne lilitoka. Natembea vizuri zaidi. Nalala. Nikiliona jina lako kwenye karatasi yoyote, sisomi tena haraka ili nilipite. Majuto nayo yapo na sitayapunguza: ulikuwa na hadithi moja nzuri, na watu wawili waliokupenda kuliko wote walikuzuia kuisema, kila mmoja akidhani anakuhurumia. Lakini kati ya mambo niliyoogopa kuyakuta Kilwa na hili nililolikuta, baba, nalichukua hili kwa mikono miwili. Mtaa wa Temeke nao usome: alikula wali na pweza, wa Bi Somoe.

Mama ameniomba nimwandikie maswali ya kumuuliza Bi Somoe. Ni matatu. La kwanza, walikuwa wanakupa nini hasa hata ukarudi umekonda vile, kama ni huo wali na pweza. La pili, ni ukuta upi ulioujenga wewe, aonyeshwe kwa kidole. La tatu amekataa niliandike. Amesema atauliza mwenyewe, akiwa amekaa palepale Gereza, na mimi nisogee pembeni.

Bahari bado anaiogopa, hilo hukukosea. Basi linaondoka Mbagala Alhamisi ijayo, saa kumi na mbili asubuhi. Mashua ya Zuhura itatusubiri Ijumaa saa mbili. Mkeka tunakwenda nao.

Mwanao wa pekee, msomaji wako wa kwanza,

Tumaini